Eliasi Semi Arudi Barabarani

Kariakoo mtu haitwi kwa jina la ubatizo mpaka afe, na hata hapo msibani kuna atakayeuliza, "Kwani huyo ndiye nani?" Eliasi Namkopa, mzaliwa wa Nachingwea, aliitwa Semi. Jina alilipata siku aliyoshusha mabelo mawili ya mitumba kwa mpigo, moja juu ya jingine, akakata nayo Mtaa wa Swahili mpaka stoo bila kupumzika wala kuomba maji. Mtu mmoja pale kijiweni akasema huyu si binadamu, ni semi, amekuja na tela lake. Basi ikaganda. Hata mkewe, Violeth, ugomvi ukianza alimwita baba Selina, ukikolea akasema "wewe Semi", na Eliasi alijua kuanzia hapo ajitafutie chakula mwenyewe.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu ambao mpita njia hauoni, kwa sababu mpita njia yuko bize kukwepa kugongwa. Lori kubwa haliwezi kuingia mtaani. Litaingilia wapi, wakati machinga wametandaza viatu mpaka katikati ya lami, na aliyekosa nafasi chini amejitundika nguo mwilini mwake kama enga ya kabatini? Kwa hiyo lori linasimama konani, upande wa Gerezani, na makuli wanapanga mstari. Kila mmoja anapokea belo shingoni, juu ya ngata, anamfuata mwenzake. Mbele yao anatangulia mtu mmoja asiye na mzigo. Huyo wanamwita mfungua njia. Kitendea kazi chake ni mdomo: anafokea bodaboda, anawabembeleza akina mama, anawatisha wanaochezea simu katikati ya barabara, na watu wanapasuka pande mbili kama maji ya mfereji.

Na sheria ni moja: mstari hausimami. Wenyewe husema mzigo ukisimama unanenepa. Uliokuwa unatembea nao kama mchezo, ukiusimamisha kidogo tu, ukija kuunyanyua tena utadhani umemeza mwenye nao.

Sasa mtu aliyebeba belo shingoni kichwa chake kimeinama. Haoni mbele, haoni juu. Anaona visigino vya aliyemtangulia, basi. Eliasi aliijua Kariakoo kwa visigino. Maghorofa yaliota, maduka yalibadilisha rangi na wenyewe, na yeye habari hizo alizisikia kwa watu jioni. Mchana kutwa yeye aliona visigino, akaweka mguu pale kisigino kilipotoka, na hivyo ndivyo alivyotembea utu uzima wake wote.

Kiharusi kilimkutia mlangoni mwa stoo ya Mzee Ghanshyam, mfanyabiashara wa mitumba ambaye Eliasi alimtumikia miaka na miaka. Belo lilitangulia chini, yeye akafuata. Kama kawaida ya mtaa, madaktari walipatikana papo hapo. Muuza kahawa akasema ni jini, muuza chaja akasema kuna mtu wa kwao Nachingwea kamtupia, na mmoja aliyekuwa anapita tu akashauri apewe soda. Violeth alikuja mbio kutoka kwenye biashara yake ya chakula, mwiko bado uko mkononi, akawatawanya wote na kumpeleka hospitali. Huko waliambiwa ni presha. Vidonge vya presha Eliasi alikuwa navyo. Alikuwa amevihifadhi kwenye mfuko wa koti lake la harusi, akivitunza mpaka siku atakayoumwa.

Roho ilibaki, na mdomo ulibaki mzima kama ulivyokuwa, jambo ambalo kuna waliosema Mungu angeweza kulitazama upya. Lakini upande wa kushoto uligoma. Mkono ulining'inia, na mguu ukawa kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja: upo, umejaa chumba kizima, kazi haufanyi. Alishinda kwenye benchi pale kwa Violeth, Gerezani, nyuma ya karakana za vipuri, akimenya vitunguu saumu kwa mkono mmoja. Waliopita walimpa pole. Pole ya mwezi wa kwanza ni tamu. Ikifika mwaka, inanuka.

Kisha ikatokea nafasi. Mzee Samson, mfungua njia wa kijiwe chao, alichoshwa na moshi wa mjini akarudi Masasi kwenye mikorosho yake. Kijiwe kikajaribu watu. Wa kwanza alikuwa na sauti ya kifaranga. Wa pili alikuwa mstaarabu mno, alisema "samahani" kwa kila mtu, na mpaka amalize kuomba radhi mstari mzima ulishamkanyaga. Eliasi alipozisikia habari hizo alituma ujumbe kwamba kazi hiyo anaitaka yeye. Kubeba, daktari alishampiga marufuku maisha. Kupiga kelele hakuna daktari aliyekataza.

Goodluck, kijana wa Kinyakyusa ambaye sasa ndiye alikuwa kiongozi wa kijiwe, alikuja mwenyewe kumjibu. Alikula kwanza, maana kwa Violeth mtu hatoi habari mbaya kabla ya kula, anaweza asipewe nyama. Alipomaliza akanawa, akasogea kwenye benchi.

"Kaka Semi, mdomo unao. Hilo hakuna anayebisha. Tatizo mdomo hauna miguu."

Eliasi akasema mzee Samson naye alikuwa na miguu ya kuku na watu walinyamaza.

"Miguu ya kuku inakimbia, kaka." Goodluck akashusha sauti. "Ukisimama mbele yetu tukiwa na mizigo, sisi hatusimami. Tunakupitia. Sitaki siku moja nije kumwambia mama Selina kwamba nimekukanyaga mimi."

Wakakubaliana hivi. Kabla ya Idi kulikuwa na meli ya mitumba inayosubiriwa. Siku hiyo Eliasi angepewa mstari mmoja, kutoka konani mpaka stoo ya Mzee Ghanshyam. Akiufikisha bila kusimama, kazi ni yake. Akisimama, anapewa mwingine, na neno hilo halitarudi kijiweni tena. Goodluck aliondoka. Eliasi akanyanyua fimbo yake aende chooni, na kwa jinsi alivyokuwa anatembea wakati ule, alipofika alikuta keshasahau alichofuata.

Aliyeleta habari za mashine ni Mzee Ghanshyam. Kwa miaka yote ile alimwamini Eliasi kwa mabelo lakini si kwa funguo, na tangu aanguke mlangoni pake alikuwa akimuulizia kwa Violeth kila anapopelekewa chai, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei. Kaka yake mkubwa alikuwa amepatwa na kiharusi vilevile. Akapelekwa kituo kimoja cha mazoezi ya tiba kule Upanga, na huko kulikuwa na roboti inayowafundisha watu kutembea. Jumuiya ya Wahindi wenzake ilikuwa imegharamia nafasi kadhaa kwa wasio na uwezo. Mzee Ghanshyam akapeleka jina la Eliasi bila kumuuliza, akamwambia Violeth tu kwamba Jumatatu bajaji itakuja.

Kijiwe kilipopata habari kilicheka siku mbili. Ujana wake wote Semi kabeba marobota, walisema, sasa roboti ndiyo imbebe yeye.

Mashine yenyewe ilikaa katikati ya chumba chenye kiyoyozi kama bibi harusi aliyekatazwa kucheka. Chini ilikuwa na mkanda mpana unaozunguka, wa kutembelea bila kwenda popote. Juu kulikuwa na nguzo yenye mikanda ya kumfunga mtu kifuani na mapajani, imning'inize asianguke. Na pembeni miguu miwili ya chuma, yenye mota kwenye nyonga na magoti, ya kufungiwa miguu ya mgonjwa. Mbele kulikuwa na skrini. Eliasi aliizunguka yote kwa macho, akauliza kama inaweza kushusha kontena.

Msimamizi wake alikuwa Rupal, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, msichana aliyezaliwa na kukulia palepale Upanga, mwembamba, mwenye subira ya fundi saa na ulimi wa konda.

"Shikamoo, mzee Eliasi."

"Marahaba, mwanangu. Hii inatibu au inaua?"

"Inategemea utanisumbua kiasi gani."

Alimsumbua sana. Mikanda ilipomnyanyua na miguu ya chuma ilipoanza kumpeleka, mwili wa Eliasi ulikataa. Kuli habebwi. Ukipokelewa mzigo njiani ni aibu, ukibebwa wewe mwenyewe utahama mji. Akakaza mguu, akaisukuma mashine kama anagombania mlango. Mashine ikahisi ubishi wake, ikalia, ikajizima. Ikawashwa, akakaza, ikajizima. Wagonjwa wengine wakaanza kuangalia, na bibi mmoja mwalimu mkuu mstaafu akauliza kama yule bwana amekuja kutibiwa au kuvunja mali.

Rupal akamweleza kwamba si mieleka. Basi Eliasi akageukia upande wa pili: alijilegeza kama gunia. Mashine ikamtembeza vizuri ajabu, tap, tap, na yeye akawa anawapungia watu mkono mzima kama abiria wa bajaji. Alijiona kapona. Kwenye skrini kulikuwa na mihimili miwili ya rangi, mmoja wa kila mguu, inayopanda kadiri mtu anavyojitahidi. Wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulilala chini kama mbwa wa mchana.

"Mashine inatembea vizuri sana, mzee," Rupal akasema. "Wewe ndiye hujaanza."

Neno hilo lilimwingia. Rupal akamweleza kwamba ubongo umepoteza njia ya kwenda kwenye mguu. Mashine kazi yake ni kuushika ubongo mkono na kuupitisha njia hiyo mara nyingi mpaka ukumbuke. Lakini mtu anayeburuzwa usingizini hajifunzi njia. Lazima atake kwenda, kila hatua. Akikosa nguvu mashine itamwongezea pale alipopungukiwa, na akizipata itajitoa kidogo kidogo.

Eliasi akajitahidi kutaka. Shida ikawa skrini. Ilionyesha katuni ya mtu akitembea msituni peke yake, na ukijitahidi maua yanachanua pembeni ya njia. Eliasi aliuchukia msitu ule kwa moyo wake wote. Pori namna hii, aliuliza, mtu anaenda peke yake kutafuta nini? Kwao pori kama lile lina fisi. Kila akianza, kichwa kiliinama kutazama chini, na Rupal akamwambia tazama mbele, na alipotazama mbele mguu ukapotea.

Siku moja Rupal hakumwambia atazame mbele. Alisimamisha mashine, akavuta kiti, akamuuliza alipokuwa kazini alikuwa anatazama nini.

"Visigino."

"Vya nani?"

"Vya yeyote aliyenitangulia. Mara nyingi Goodluck."

Rupal akamwita Violeth aliyekuwa kwenye benchi akisinzia, akamuuliza kama simu yake inapiga video.

Goodluck alikubali kupigwa picha miguu kwa sharti moja, kwamba aioshe kwanza. Lilipofika lori akasahau. Violeth alimfuata nyuma na simu imeinamishwa, mtaa mzima, akipiga kelele watu wampishe. Siku iliyofuata, pale penye msitu na maua, chumba kizima kikaona visigino vya Goodluck vikubwa kama mikate, magaga yake kama shamba la Septemba, ndala zikipiga lami. Mwalimu mkuu mstaafu akafumba macho. Lakini mkanda ulipoanza kuzunguka, Eliasi aliinamisha kichwa kama mtu aliyefika nyumbani. Kisigino kikaondoka, mguu wake ukafuata. Kikaondoka tena, ukafuata. Mhimili wa kushoto ukaamka, ukajivuta, ukapanda. Bila kujijua akapiga ukelele wa "Kando", na muuguzi aliyekuwa anapita na trei akaruka pembeni.

Tangu siku hiyo kazi ikaenda. Asubuhi mashine, baadaye mazoezi ya kawaida ya kunyoosha viungo na kupanda ngazi. Mikanda ikapunguzwa, akaanza kuubeba uzito wake mwenyewe. Nje ya mashine akavaa kifaa cha plastiki cha kuzuia unyayo usiburuze, akatembea kwenye korido nyuma ya Violeth, macho yameganda kwenye visigino vyake. Violeth akasema ndoa yote hii ameomba mume amsikilize, kumbe dawa ilikuwa kiharusi.

Tatizo ni kwamba Eliasi alikuwa amedanganya.

Siku ya kwanza Rupal alimuuliza anataka kupona ili afanye nini. Eliasi alijibu kwamba anataka kutembea kwenye mstari na wenzake, bila mzigo, atembee tu nao. Hakusema atakuwa wapi kwenye mstari. Aliogopa kwamba akisema atatangulia mbele ya watu waliobeba mizigo na wasiosimama, yule binti atafunga mikanda yake na kumrudisha kwenye vitunguu saumu. Kwa hiyo alimpa ukweli nusu, na nusu nyingine akaikalia.

Aliyeitoa ni Violeth, kwa majivuno tu. Meli ilikuwa imeshaonekana bandarini. Akawa anamsimulia mwalimu mkuu mstaafu kwamba Idi hii baba Selina ndiye anayeongoza mbele, mstari mzima unamfuata yeye. Rupal alikuwa nyuma yake na taulo mkononi. Akaenda kwenye mashine alimokuwa Eliasi, akaizima.

"Mbele ya mstari kuna visigino vya nani, mzee?"

Eliasi akatazama unyayo wake.

"Nakuuliza."

"Hakuna."

"Hakuna. Na mimi muda wote huu nimekufundisha kutembea nyuma ya mtu."

Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia kwamba angejua tangu mwanzo angemfundisha kwa njia nyingine, na muda wangekuwa nao. Kisha akaondoa video, akawasha mkanda, akasema watazame hali ilivyo. Hali ilivyokuwa ni kwamba bila visigino mguu wa kushoto ulisimama kama punda. Mhimili ukalala. Eliasi akayumba ndani ya mikanda, mashine ikalia na kujizima yenyewe.

Nyumbani alimwambia Violeth kwamba basi, imeshindikana, ampelekee Goodluck taarifa atafute mwingine. Violeth alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Utaenda kumwambia mwenyewe," alisema. "Kwa miguu."

Hakwenda. Kesho yake alirudi Upanga, akamwamkua Rupal yeye, mtu mzima akimwanza mtoto kwa salamu, na katika watu wetu hiyo ndiyo namna ya kuomba radhi bila kupiga magoti. Rupal akaipokea. Yeye naye alikuwa amefikiria. Aliiweka video ileile, picha akaizima, sauti akaiacha. Kwenye chumba kikatawala kishindo cha makuli wa Kariakoo: ndala na lami, pwa, pwa, pwa, miguu mingi yenye mizigo ikienda kwa pamoja. Mguu wa Eliasi ukasikiliza. Ulikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali, hana hakika kama ni yeye. Ukajivuta kidogo.

Rupal akachukua spika, akaihamisha kutoka mbele ya mashine akaiweka nyuma ya mgongo wa Eliasi.

"Sasa wako nyuma yako," akamwambia. "Wamebeba. Watembeze."

Eliasi akainua kichwa. Mbele palikuwa na ukuta mtupu na kalenda. Nyuma palikuwa na mstari. Na mguu, ambao miaka yote ulikuwa unafukuzia wa mbele, ukaanza kuwakimbia wa nyuma. Siku hiyo ulikwenda kwa kusitasita, iliyofuata kidogo zaidi. Rupal aliwaomba wauguzi wawe wanakatiza mbele ya mashine na trei zao, ili ajifunze kutazama watu na kutembea kwa wakati mmoja. Wauguzi wakaingia kwenye mchezo, wakawa wanagoma kupisha mpaka wafokewe sawasawa. Mashine ikazidi kujitoa. Siku ya mwisho kabla lori halijaja ilikuwa inamsindikiza tu, kama mwenyeji anayempeleka mgeni mpaka getini.

Daktari wa kituo alimpima presha, akamruhusu kutembea, akarudia kwamba mzigo ni mwiko, hata mfuko wa sukari. Rupal yeye hakumpa baraka. Alimpa onyo.

"Hapa kuna kitufe chekundu. Mtaani hakuna. Ukiona mguu umekataa, toka pembeni, usifie katikati. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hakuna kitu kingine ambacho hujaniambia?"

"Leo hakuna."

Lori lilikuja asubuhi, na Idi ilikuwa inanukia mtaa mzima. Watu walijaa kiasi kwamba hata kivuli kilikosa pa kulala. Eliasi alisimama konani na kifaa chake cha plastiki ndani ya kiatu, fimbo amemwachia Violeth. Nyuma yake makuli walipokea mabelo mmoja mmoja, Goodluck wa kwanza. Mlangoni mwa stoo, mwisho wa safari, Mzee Ghanshyam alikuwa anajifanya anakagua kufuli. Pembeni yake alisimama Rupal, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu na hakuna aliyemwalika.

"Kaka," Goodluck akasema kutoka chini ya belo. "Tukishaanza, tumeanza."

Eliasi akaanza. "Kando, mzigo huo. Mama, sogeza beseni lako, halina bima. Wewe wa simu, mchumba atakujibu kesho. Kando." Sauti yake haikuwa imesikika mtaani kwa mwaka na zaidi, na waliomjua waligeuka, na wasiomjua waliruka. Nyuma yake miguu ikaja: pwa, pwa, pwa. Mguu wa kushoto ukaisikia, ukaenda. Haukwenda kwa madaha, ulichota kidogo kwa nje kama kasia, lakini ulikwenda, na ulitua pale alipoutuma. Wakapita wauza viatu, wakapita wauza mapazia. Mkokoteni wa maji uliokuwa umekaa katikati kama kituo cha polisi ukasukumwa pembeni na mwenyewe kabla hajatukanwa mara ya pili.

Halafu wakafika kwenye duka la vipodozi. Nje walikuwa wameweka spika kubwa kama kabati, na kijana mwenye kipaza sauti anatangaza bei za sikukuu kwa pumzi zake zote. Kelele ile ilimfunika Eliasi kichwa na mabega. Miguu ya nyuma ikapotea. Hakuisikia kabisa. Mguu wa kushoto ukauliza mara moja, haukujibiwa, ukalegea. Ncha ya kiatu ikakwama kwenye ukingo wa lami iliyobomoka. Akayumba. Alijua, bila kugeuka, kwamba nyuma yake kuna mabelo yanakuja na hayana breki.

Kuli mwenye mzigo hazungumzi. Pumzi yake ina kazi nyingine. Hata mzee Samson alifoka peke yake miaka yote bila kuitikiwa. Lakini Eliasi alihitaji kujua wako wapi, na hakuwa na kitu kingine zaidi ya ulimi.

"Goodluck," akapiga kelele, macho mbele. "Uko nyuma au umeenda kuosha miguu?"

Mguu ukaburuza.

"Shemeji aliniambia, hata ndoo ya kuoga anakubebea yeye."

Mstari ukaguna kwa kicheko. Na Goodluck, kuli wa makuli, akashindwa kuvumilia. "Ongoza, mzee," akakoroma, na sauti yake ilikuwa karibu sana, ikipanda na kushuka kwa hatua pamoja na belo shingoni. Eliasi akaidaka hatua hiyo. Hakuiachia.

"Nani mvivu?" akauliza.

"Semi," ikajibu sauti ya mtu wa nyuma kabisa, akiitoa pamoja na mguu wake.

"Nani?"

"Semi," wakaitikia wawili watatu, mguu chini.

"Nani kapooza?"

"Semi."

Sasa ulikuwa mstari mzima, kwa kishindo kimoja, na kila walipolitaja jina mguu wa kushoto ulipiga lami. Spika ya vipodozi ikaachwa nyuma ikibweka. Yule kijana wa kipaza sauti alinyamaza, akashangaa.

"Nani kamenya vitunguu mwaka mzima?"

"Semi."

"Nani anawaongoza?"

Hapo hata machinga walijibu. Wauza soksi, wauza saa, akina mama wa mabeseni, waliokwisha kupisha na waliokuwa bado hawajapisha. "Semi." Njia ilikuwa imefunguka mbele mpaka mtu angeweza kuendesha gari. Eliasi hakuwa anafoka tena, alikuwa anacheka, na mguu ulikuwa unakwenda, na wa kulia ukawa ndio unaofanya haraka kumfukuzia mwenzake.

"Kaka," Goodluck akahema nyuma yake. "Punguza mwendo, sisi tuna mizigo."

Hakupunguza. Alifika stoo, akajibana pembeni ya mlango kama mfungua njia anavyotakiwa, na mstari ukapita mbele yake ukaingia ndani wote, belo baada ya belo, hakuna lililoanguka. Violeth alikuja nyuma na fimbo, kaitundika begani kama mwamvuli wa mtu mwingine. Alikuwa analia na kuwafokea watu kwa wakati mmoja waache kumtazama.

Kariakoo hakuna kupigiana makofi kwa kazi. Makuli walitua mizigo, wakanywa maji, wakajimwagia yaliyobaki. Goodluck alitoka akiwa ameshika kiuno, jasho linamchuruzika mpaka kwenye visigino vyake maarufu.

"Kesho ukikimbia hivi," akasema, "nakupiga na belo."

Eliasi alilisikia hilo neno kesho. Kila aliyekuwa pale alilisikia. Mzee Ghanshyam akakohoa, akaingia ndani kwake kukagua kitu kisichokuwepo.

Rupal hakumsifia. Aliinama akaangalia kiatu, akakaza mkanda wa kile kifaa, akamwambia Jumatatu saa mbili asichelewe, bado kuna mkono.

"Jumatatu kuna lori jingine, mwanangu."

"Jumatatu saa mbili."

Violeth akajibu kwa niaba yake kwamba atakuja. Eliasi alitaka kubisha, lakini konani lori lilikuwa bado nusu, na makuli walishaanza kurudi. Akaingia barabarani, akawapita mmoja mmoja mpaka akakaa mbele. Walipogeuza kona walimkuta keshaanza kugombana na bodaboda mmoja aliyeegesha katikati ya njia yake.